Chombo Hutengenezwa Kila Siku: Historia ya Vyombo vya Maziwa Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Historia ya ufugaji Kaskazini Mashariki mwa Kenya huandikwa kwa kufuata wanyama, visima na mipaka. Ngamia huhesabiwa, visima vya Wajir hutajwa, na mpaka wa mwaka 1925 uliowapa Waitalia Jubaland huelezwa kwa kirefu. Kisha hufuata vita, ukame na misaada. Ni nadra msomaji kuambiwa maziwa ya ngamia hao yalitiwa katika nini, na chombo hicho kilitunzwaje kisinuke, kisivuje wala kuharibu chakula cha familia nzima katika nchi ambayo jua la mchana hufikisha nyuzi 35 na kuzidi. Swali hilo ni zito. Mfugaji wa nyika hula maziwa zaidi ya nyama, na chombo kikiharibika, ngamia mia hawamfai kitu siku hiyo. Ninachodai hapa ni kwamba chombo cha maziwa cha Wasomali na jirani zao hakikuwa bidhaa iliyofanywa mara moja na fundi ikaisha. Kilitengenezwa upya nyumbani, tena na tena, kwa moto, moshi, samli na sindano, na matunzo hayo ya wanawake ndiyo yaliyoubeba uchumi wa maziwa wa nyika. Plastiki ilipokuja ilichukua nafasi ya chombo, lakini haikuchukua nafasi ya matunzo. Matatizo mengi ya maziwa ya ngamia katika masoko yetu ya leo yanatokana na pengo hilo.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Haan ni chombo kikubwa cha kuwekea maziwa au maji, cha kupakiwa ubavuni mwa ngamia wakati wa kuhama. Dhiil ni kidogo kuliko haan, cha kuwekea na kugandishia maziwa. Gaawe ni cha kukamulia. Vingine huchongwa kwa mti mzima, lakini vile vinavyostaajabisha zaidi husukwa kwa nyuzi za mizizi na za magome ya ndani ya miti, kwa mshono uliobana hata maji yakakosa pa kupita. Borana na Gabra, jirani wa upande wa Marsabit, Moyale na Isiolo, wana gorfa yao iliyosukwa kwa njia iyo hiyo. Kifuniko cha vyombo vingi vya aina hii kina umbo la kikombe, na kweli hutumika kunywea, kwa hiyo mzigo mmoja hufanya kazi ya viwili. Mdomo wa chombo ni mpana kiasi cha mkono au ufagio mdogo kuingia hadi chini. Msomaji aukumbuke upana huo, kwa maana tutauhitaji tukifika kwenye jerikani.

Chombo kipya cha nyuzi hakifai kutiwa maziwa siku kinapomalizwa kusukwa. Vitundu vyake bado viko wazi na nyuzi zina ladha kali ya mmea. Hushindiliwa mafuta, hutiwa maji ya magome yenye tanini, hufukizwa, hutiwa maziwa kidogo, humwagwa, hufukizwa tena. Magome ya mgunga unaoitwa galool kwa Kisomali ndiyo yaliyotumika sana kutia ngozi na vyombo rangi nyekundu na ukakamavu. Polepole mafuta, masizi na maziwa yaliyokauka huziba matundu, na ukuta wa ndani hugeuka mweusi, laini na mgumu. Hapo ndipo chombo huanza kuwa chombo. Msusi amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni ya mwenye nyumba, na nusu hiyo haina mwisho.

Kila baada ya kutumika, chombo husafishwa kwa maji machache yaliyopo, au kwa mchanga na majani pale ambapo hata hayo machache hayapo. Kisha huletwa moto. Kijiti cha mti uliochaguliwa huchomwa ncha hadi kiwe kijinga chekundu, kikaingizwa ndani na kusuguliwa kwenye kuta. Au vipande vya kaa la moto hutiwa, kifuniko kikafungwa, chombo kikatikiswa na kuachwa moshi ukae. Makaa humwagwa, unga wake hupanguswa kwa ufagio mgumu, na chombo huwekwa kinywa wazi kipate hewa. Kwa nje hupakwa samli, hasa kwenye kamba za ngozi zinazokibeba, ili zisikatike kwa ukavu. Mshono ukilegea, sindano na uzi mpya huingia kazini. Miti ya moshi nayo huchaguliwa. Nyanda za chini hutoa mjunju na migunga. Milimani kuliko na baridi, Borana na Wamaasai husifu mzeituni mwitu. Mti wenye moshi mchungu hukataliwa, na mti wenye utomvu mwingi pia hukataliwa. Maarifa hayo ya mti upi, kwa maziwa yapi na ya kunywewa lini, hayakuandikwa popote. Yalikaa katika pua na mikono ya akina mama, yakapita kwa mabinti.

Kuna watu mbali sana na nyika wanaoijua nusu ya kazi hii. Mwenye kiko cha tumbaku huona mdomo wa kiko chake, uliotengenezwa kwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa kwa salfa hadi ukawa mgumu, unaotengenezwa tangu karne ya 19, ukigeuka kutoka mweusi kuwa wa kahawia na kijani kwa sababu ya mwanga, hewa na mate, na ladha chungu ikamfika ulimini. Hukaa nyumbani akausugua kwa msasa laini, halafu akaung'arisha kwa nta. Anaondoa tabaka lililoharibika ili kuufikia mpira mzima ulio chini yake. Mama wa Garissa anafanya hivyo na kuzidi: anakwangua tabaka la zamani, kisha anaweka tabaka jipya la moshi ambalo lenyewe ndilo linalofanya kazi. Ndani ya moshi wa kuni mna fenoli, asidi na aldehaidi, na kemikali hizo huzuia vijidudu kuongezeka. Mwaka 1996 Mogessie Ashenafi wa Ethiopia alichapisha utafiti kuhusu ergo, maziwa ya kuchacha ya nchi hiyo, ukionyesha kuwa kufukiza chombo hupunguza kasi ya vijidudu kukua ndani ya maziwa. Kwa mfugaji, kasi ndiyo kila kitu. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri malishoni yakifika nyumbani jioni bila kuharibika, watoto wamekula.

Sababu ya moshi kushika nafasi ya maji haihitaji fumbo. Ngamia huweza kukaa zaidi ya siku kumi bila kunywa, na ndiyo maana mfugaji humpeleka mbali na kisima, kuliko na majani mazuri. Lakini mtu anayemfuata ngamia huyo naye yuko mbali na kisima. Huko hakuna maji ya kuosha vyombo mara mbili kwa siku, seuze maji ya moto. Kuni ndizo zilizopo. Moshi basi ulikuwa usafi wa mahali pakavu, uliobuniwa na watu waliopima vizuri walichonacho. Afisa wa afya aliyezoea kupima usafi kwa bomba na sabuni alipoona chombo cheusi ndani, alidhani ni uchafu. Weusi ule ulikuwa alama ya kazi iliyofanyika.

Mtu anaweza kuuliza, na ana haki: historia hii inajulikanaje, ikiwa vyombo vyenyewe ni nyuzi na mti, na vyote huoza? Ni kweli kwamba udongo ndio unaobaki. Mwaka 2020 Katherine Grillo na wenzake walieleza jinsi walivyopata mabaki ya mafuta ya maziwa katika vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vya maelfu ya miaka iliyopita. Nyuzi haziwezi kutoa ushahidi wa namna hiyo, na mhamaji anayepakia nyumba yake juu ya ngamia hapendi kubeba vyungu. Lakini ushahidi upo wa aina nyingine. Kwanza, makumbusho ya ndani na nje ya Afrika yana vyombo vya Kisomali, Kigabra na Kirendille vyenye masizi ndani na viraka nje. Pili, jamii zilizo mbali na zisizo na lugha moja zinafanya kazi ileile: Wakalenjin hulainisha vibuyu vyao vya mursik kwa makaa ya mti, Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa kijinga cha mzeituni mwitu, Waethiopia hufukiza vyombo vya ergo. Mazoea yaliyoenea kiasi hicho hayakuzuka juzi. Tatu, kuna maandishi ya watafiti walioishi na wahamaji. I. M. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu Wasomali wa kaskazini, alionyesha kuwa nyumba ya kuhamishika, aqal, ni mali ya mwanamke. Labelle Prussin, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, alikwenda mbele zaidi akaonyesha kuwa miongoni mwa Wagabra, Warendille na Wasomali nyumba na vyombo vyake huundwa na mikono ileile ya wanawake, kwa malighafi zilezile, na huhusiana na ndoa.

Jambo hili la ndoa linaeleza mengi. Nyumba ya bibi harusi na vyombo vyake vilitayarishwa na mama yake, shangazi na jamaa wa kike, kazi ya miezi mingi. Alipoingia katika maisha yake mapya aliingia na vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimeanza kukomaa. Upande wa pili, kwa desturi ya Wasomali, kukamua ngamia ni kazi ya wanaume na vijana malishoni. Maziwa basi yalipita katika mikono ya kiume mpaka yakafika nyumbani, na hapo yakawa chini ya uamuzi wa mwanamke: yapi yanywewe mabichi, yapi yaachwe yachache yawe suusac, yapi apewe mgeni, yapi yauzwe. Uamuzi wa namna hiyo hauwezekani bila vyombo vinavyoaminika. Mwanamke mwenye dhiil zilizotunzwa alikuwa na akiba. Asiye nazo alilazimika kugawa au kumwaga. Waandishi wa uchumi wa ufugaji waliohesabu ngamia peke yake waliihesabu nusu ya mtaji.

Serikali ya kikoloni haikuviona vyombo hivi, lakini iliathiri maisha yake. Sheria ya mwaka 1902 iliifunga nchi ya kaskazini, na ile ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu ikawapa maafisa mamlaka makubwa juu ya nani ahame wapi. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikawa nchi ya vibali. Kufungwa huko kulizuia biashara ya maziwa kwenda mbali, na kwa kadiri hiyo maziwa yakabaki chakula cha nyumbani na cha vijiji vidogo vilivyoota kuzunguka ofisi za serikali na visima, Garissa ukiwa mmoja wao kando ya mto Tana. Debe la mafuta ya taa liliingia na wafanyabiashara, likatumika kutekea maji. Kwa maziwa halikufaa sana: lina kutu, lina pembe zisizosafishika, na bati likipata jua maziwa hupata joto upesi ndani yake. Kwa hiyo hadi uhuru, chombo cha nyuzi na cha mti kilishika nafasi yake, na matunzo yake yaliendelea kama zamani.

Pigo kubwa lilikuja na vita vya Shifta. Tangu hali ya hatari ilipotangazwa Desemba 1963 hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, watu wa kaskazini waliishi kati ya wapiganaji na majeshi ya serikali, na kuanzia mwaka 1966 wengi walikusanywa katika vijiji vya lazima vilivyolindwa. Mifugo iliyofungiwa mahali pamoja ilikufa kwa njaa na magonjwa, na mingine ilitaifishwa au kupigwa risasi. Richard Hogg, aliyechunguza maisha ya Borana wa Isiolo, alionyesha kuwa walipoteza karibu ngamia wao wote katika miaka ile. Ngamia wakiondoka, vyombo vyao hukosa kazi, na chombo cha nyuzi kisichotiwa maziwa na kisichofukizwa hukauka, hufunguka mshono na kuliwa na wadudu. Mabaya hayakuisha na vita. Novemba 1980 mitaa ya Garissa, hasa Bulla Kartasi, ilichomwa moto katika operesheni ya vikosi vya usalama, na Februari 1984 yakafuata mauaji ya Wagalla huko Wajir. Watu waliouawa ndio msiba wa kwanza na hakuna kinacholingana nao. Lakini ni haki kutaja pia kwamba nyumba ya miti na mikeka ikiungua, haan na dhiil zilizokomaa kwa miaka huungua nazo, na hakuna duka linalouza badala yake. Familia iliyoanza upya mjini ilianza na sufuria na chombo chochote kilichopatikana.

Kisha ukame. Ule wa 1984 na ule wa 1991 hadi 1992 uliwasukuma wengi waliobaki na mifugo michache kwenda kukaa kando ya miji. Wakati huohuo dola ya Somalia ilianguka, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa Dadaab mwaka 1991 na 1992. Pamoja na chakula cha msaada ikaja plastiki kwa wingi ambao eneo hili halijawahi kuuona: jerikani za maji zinazogawiwa wakimbizi, na jerikani za mafuta ya kupikia ambazo zikiisha mafuta huingia sokoni kama vyombo vya kutumika tena. Jerikani ya manjano ina sifa ambazo hakuna msusi anayeweza kuzishinda. Ni nyepesi, haivunjiki, hupatikana siku hiyohiyo kwa bei ndogo, hupangwa kwenye buti la basi na kifuniko chake hufunga kwa kuzungushwa. Mwanamke aliyehama na ng'ombe wawili hadi pembezoni mwa Garissa hana mizizi ya kusukia karibu naye, hana miezi ya kusubiri, na ana mteja anayengoja. Sioni jinsi ya kumlaumu.

Ushindi huu wa jerikani ulipata njia pana zaidi mwanzoni mwa karne hii, miji ilipokua na maziwa ya ngamia yakawa bidhaa ya kusafiri. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu karibu ngamia milioni 3 nchini Kenya, wengi wao katika kaunti za kaskazini. Wanawake wa Kisomali wa Isiolo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, walijenga biashara ya kukusanya maziwa kutoka malishoni, kuyachunguza, kuyapoza na kuyapeleka Eastleigh, Nairobi. Garissa nayo ina soko lake la maziwa linaloendeshwa na wanawake. Karibu safari yote hiyo ilianza katika jerikani. Na hapo ndipo jambo la ajabu hutokea kwa yule anayedhani plastiki ilimaliza habari ya moshi: watafiti wa usafi wa maziwa waliofika Isiolo walikuta jerikani zinafukizwa. Akina mama waliingiza moshi wa miti ileile katika chombo cha kiwandani, kwa sababu walijua, na wateja wao walijua, kwamba maziwa yasiyopitia moshi hayafiki.

Ushahidi huu, kwa maoni yangu, ndio unaoamua hoja. Kama matunzo yangekuwa sehemu tu ya chombo cha zamani, yangekufa pamoja nacho. Yalihamia chombo kipya kwa sababu yalikuwa maarifa yanayojitegemea. Ila yalihamia mahali pasipoyafaa. Shingo ya jerikani ni nyembamba. Mkono hauingii, ufagio hauingii, kijinga hakiingii. Moshi hupulizwa ndani lakini ukuta hausuguliwi. Plastiki haifyonzi moshi kama nyuzi zinavyoufyonza, tena hukwaruzika, na mikwaruzo hiyo huhifadhi maziwa ya jana ambayo hakuna jicho linaloyaona. Kanuni za maziwa nchini hutaka vyombo vya chuma kisichoshika kutu au alumini, vyenye mdomo mpana. Afisa anayezisimamia na bibi aliyesuka dhiil wangekubaliana mara moja juu ya upana wa mdomo, kama wangeketishwa pamoja.

Pingamizi la kwanza dhidi ya moshi ni la kiafya, na lina nguvu. Moshi wa kuni una kemikali za kundi linaloitwa hidrokaboni za pete nyingi, nyingine zikiwa chanzo cha saratani. Maarufu kati yake ni benzopireni. Sikatai. Lakini ulimwengu haujaacha vyakula vya moshi kwa sababu hiyo; umeviwekea kipimo. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2014, unaruhusu nyama ya kufukizwa isizidi mikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo. Njia hiyohiyo ya kupima, kuchagua mti na kuondoa masizi yasiyo na kazi ingefaa hapa. Tukumbuke pia kwamba mama anayemwaga makaa na kupangusa unga kwa uangalifu tayari anapunguza kinachobaki. Kanuni ya kienyeji ilikuwa na hatua hiyo kabla ya maabara.

Pingamizi la pili linahusu vijidudu. Mwaka 2005 Lore, Mbugua na Wangoh walichapisha orodha ya vijidudu vya suusac ya Kenya, na humo walikuta bakteria wa kuchachusha wanaofahamika kwa wema, kama Lactobacillus plantarum na Leuconostoc mesenteroides, pamoja na hamira. Hiyo ilikuwa habari njema. Mwaka 2012 Christoph Jans na wenzake, wakichunguza maziwa ya ngamia ya Kenya na Somalia, walikuta bakteria anayetawala ni Streptococcus infantarius, aliye katika ukoo unaohusishwa na magonjwa ya binadamu. Je, hilo halivunji sifa ya matunzo ya kienyeji? Linavunja sifa isiyo ya kweli, ile ya wanaosema chombo cha asili hakina dosari. Moshi hupunguza kasi ya vijidudu vilivyo ukutani. Haugeuzi maziwa mabichi kuwa salama. Homa ya brusela hutoka kwa mnyama mwenyewe, na hakuna kijinga kitakachoiondoa. Kinga yake ni chanjo, upimaji na kuchemsha maziwa. Ninachotetea ni kidogo na cha hakika zaidi: mahali pasipo maji ya kutosha wala umeme wa kupozea, chombo kilichosuguliwa kwa moto ni bora kuliko chombo kilichosuuzwa kwa maji ya dimbwi, na maziwa mengi ya nyika bado yanaanzia mahali kama hapo.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa taabu zaidi, kwa sababu linatoka kwa wanawake wenyewe. Kutunza vyombo ni kazi. Ni kutafuta kuni mahususi huku miti ikipungua, kuvuta moshi, kuamka mapema, na kwa vizazi vingi hakuna aliyelipa. Binti anayesoma Garissa au Wajir akisema hataki maisha hayo, ana haki, na mwandishi anayesifu dhiil huku akiwaachia wengine kuisugua hajasema ukweli wote. Lakini tuangalie kazi hiyo ilienda wapi. Haikufutika. Mwanamke wa sokoni bado anaosha, anafukiza na kunusa jerikani kadhaa kila alfajiri, na maziwa yakiharibika njiani hasara ni yake. Kilichobadilika ni kwamba zamani kazi hiyo ilitambuliwa katika ndoa, katika urithi na katika heshima ya nyumba, na sasa haitambuliwi na mtu yeyote: mnunuzi analipa lita, dereva analipwa kwa mtungi, na usafi unahesabiwa kuwa wa bure. Dawa ya unyonge huo ni kuilipa kazi na kuirahisisha, kwa chombo chenye mdomo mpana, kuni zilizochaguliwa, na bei inayotofautisha maziwa yaliyotunzwa na yasiyotunzwa. Kuhusu miti, kijinga kimoja cha kusugulia chombo ni kidogo mno kando ya magunia ya makaa yanayochomwa kulisha miji na kambi. Anayetafuta mharibifu wa misitu ya Garissa asianzie kwenye dhiil.

Miradi ya kuboresha maziwa imekuwa ikija Kaskazini Mashariki kwa mikono miwili: mmoja una mtungi mpya, mwingine una semina ya sabuni. Ni mara chache mradi ulianza kwa kuuliza vyombo hutunzwaje tayari, kwa mti upi, na kwa nini mti ule. Matokeo yake ni kuwa chombo kizuri cha alumini hupewa mwanamke asiye na maji ya kukiosha, kikageuka ghala la unga wa mahindi, na maziwa yakarudi kwenye jerikani. Nimekwisha kusema kwamba chombo hutengenezwa kila siku na mwenye kukitumia. Mpango usiojua hilo utashindwa hata ukiwa na fedha nyingi.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka ufugaji mikononi mwa kaunti, na tangu mwaka 2013 Garissa, Wajir na Mandera zina idara zao za mifugo. Garissa ina chuo kikuu. Hakuna haja ya kungoja mtu wa mbali. Wasomi wa hapo wakae na wanawake waliobaki wenye maarifa ya kusuka na kufukiza, waandike majina ya miti kwa Kisomali na kwa Kiborana, wapime moshi wa kila mti katika maabara, na majibu yarudi sokoni kwa lugha inayoeleweka. Makumbusho ya Taifa yasikusanye haan tupu. Ichukuliwe pamoja na kijinga chake, ufagio wake na maelezo ya mikono iliyoitunza. Na wauzaji wa maziwa wa Garissa wapewe vyombo vyenye mdomo ambao mkono unaingia.